Fedha Zisizotoka Popote: Keki za Montgomery na Hesabu Zake, 1955–1956

Januari 1945 wazee wetu walishuka kutoka milimani hadi Same, maelfu kwa maelfu, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Wengi wetu tumeikuta habari hii midomoni mwa babu zetu, na Profesa Isaria Kimambo ameiandikia kitabu. Hawakukataa kodi kwa kuwa ni kodi. Walichokipinga hasa ni makadirio: mtu anaambiwa alipe kiasi fulani, jirani yake kiasi kingine, na hakuna wa kumweleza hesabu hiyo imefikiwaje. Wakapiga kambi Same na wakakataa kurudi nyumbani mpaka wasikilizwe.

Ukimwomba kijana wa leo asimulie mbiru, atakutajia wanaume na boma. Lakini umati ule, ukiwa mbali na mashamba yake na jua la Same likiwaka vile tunavyolijua, ulikuwa unakula nini? Chakula kilitoka kwa wanawake. Kande haijipiki na maji hayajibebi. Baadaye wanawake wa Usangi waliandamana wao wenyewe, na hilo angalau limeandikwa. Sufuria zao hazikuandikwa sana.

Mimi ni mhasibu kwa kazi, si mwanahistoria. Kamati imeniomba kurasa chache kwa sababu mwaka huu, badala ya ule mnada wa keki moja kubwa tuliouzoea, matawi yetu ya mjini yatashindana kuoka na kuuza keki kwa ajili ya bweni la wasichana. Wengine wameuliza kama mashindano ya keki si mambo ya kizungu na ya televisheni. Jibu langu liko katika mji mmoja wa Marekani, miaka 10 tu baada ya wazee wetu kushuka Same. Huko watu walisimama kwa zaidi ya mwaka mzima, na sehemu ya gharama zao ililipwa na akina mama waliokuwa wakishindana kuoka keki. Jambo la pili lililonivutia ni dogo, lakini mtanielewa: chombo kilichoongoza harakati ile kilijiita Montgomery Improvement Association. Kwa lugha yetu hicho ni Chama cha Maendeleo cha Montgomery. Kina jina kama la kwetu.

Montgomery ni makao makuu ya jimbo la Alabama, kusini mwa nchi ile. Mwaka 1955 abiria weusi walikuwa karibu robo tatu ya watu wote waliopanda mabasi ya mji, na nauli ilikuwa senti 10. Viti vya mbele vilikuwa vya wazungu. Mara nyingi mtu mweusi alilipa nauli kwa dereva mbele, akaambiwa ashuke, azunguke na kuingia kwa mlango wa nyuma. Yalikuwepo madereva waliokwisha kupokea nauli na kuondoa gari kabla abiria hajaufikia huo mlango. Mwanamke mmoja aliyetendewa hivyo, Oktoba 1955, alikuwa Georgia Gilmore. Alikuwa na miaka 35, mama wa watoto sita, mkunga, na mpishi katika mkahawa wa mjini. Siku ile aliamua kwamba hatapanda basi tena. Hapakuwa na mgomo wala mkutano. Aliamua peke yake akaanza kutembea kwa miguu.

Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Desemba, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Usiku uleule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha watu weusi mjini hapo na kiongozi wa umoja wa wanawake, alikesha akichapa makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwataka watu wasipande mabasi Jumatatu. Jumatatu tarehe 5 Desemba mabasi yalipita karibu matupu. Mchana wake chama kikaundwa, na mchungaji wa miaka 26, Martin Luther King, akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Jioni watu walijaa kanisa la Holt Street Baptist hadi barabarani. Mgomo uliokusudiwa kuwa wa siku moja ulidumu siku 381.

Hapo ndipo mhasibu anaposogeza kiti karibu. Siku 381 ni wiki 54. Mji mzima wa watu wanaofua, wanaopika na kulea watoto katika nyumba za wengine, upande wa pili wa mji, lazima ufike kazini kila asubuhi. Kwanza teksi za weusi ziliwabeba kwa senti 10 kila mtu, sawa na nauli ya basi, mpaka wenye mji wakakumbuka sheria inayosema teksi isitoze chini ya senti 45. Chama kikapanga usafiri wake: magari ya watu binafsi yapatayo 300, vituo vya kupandia na kushukia, waratibu, na baadaye magari makubwa ya familia yaliyosajiliwa kwa majina ya makanisa. Magari yale yanahitaji petroli, matairi, mafundi na bima. Bima zilipofutwa na makampuni ya kwao, ikabidi kutafuta kinga kwa Lloyd's ya London. Kwa maelezo ya King mwenyewe, gharama zilipanda zikafikia kiasi cha dola 5,000 kwa mwezi.

Michango mikubwa ilikuja kutoka nje: makanisa ya kaskazini, vyama vya wafanyakazi, watu waliosoma magazeti wakaandika hundi. Lakini hundi ya kaskazini husafiri kwa posta, na tangi la petroli halisubiri posta. Yeyote aliyewahi kushika hazina ya chama chochote, hata cha kuzikana, anajua tofauti ya fedha iliyoahidiwa, fedha iliyo njiani, na fedha iliyo mkononi jioni ya leo.

Georgia Gilmore alianza na fedha iliyo mkononi. Yeye na wenzake wachache walichangishana dola 14, wakanunua kuku, mkate na mboga, wakatengeneza sandwichi na kuziuza kwenye mkutano wa hadhara. Mtaji wa dola 14. Nikiwaza vikundi vya akina mama vijijini kwetu vinavyoanza na ndoo moja ya unga wa maandazi, siuoni mtaji huo kuwa wa ajabu hata kidogo. Sandwichi zikauzwa zikaisha, faida ikarudi jikoni, na baada ya muda yakaja mambo makubwa: sahani za samaki na nyama, pai za viazi vitamu, na keki za siagi na mayai ambazo watu wa kusini mwa Marekani wamezizoea mezani siku ya Jumapili kama sisi tulivyozoea pilau kwenye sherehe.

Hawa hawakuwa waokaji wa kazi. Hawakuwa na duka wala leseni, na wengi wao mchana walikuwa jikoni mwa watu wengine. Walioka usiku katika nyumba zao, wakauza asubuhi na jioni: saluni, stendi za teksi, mahali pa kufulia nguo, makanisani, mlango hadi mlango. Waliuza hata kwa wazungu. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hesabu ina vichekesho vyake. Kuna bibi wa Kizungu aliyenunua keki tamu kwa mpishi wake, akala na wageni wake huku wakilalamikia mgomo, na fedha yake ikaenda moja kwa moja kununua petroli ya gari lililomleta mpishi yule asubuhi. Meya wa mji alikuwa akiwasihi wazungu waache kuwapa lifti watumishi wao. Juu ya keki hakuwa na la kusema.

Kwa nini basi siri? Kwa sababu mtumishi aliyejulikana kuchangia mgomo angeweza kufukuzwa kazi siku hiyohiyo, na aliyepanga nyumba kwa mzungu angeweza kutolewa vyombo nje. Kwa hiyo kikundi chao kikajiita Club from Nowhere, yaani klabu isiyotoka popote. Mtu akiulizwa fedha zimetoka wapi, anajibu ukweli mtupu: hazikutoka popote. Aliyejua nani ameoka, nani ameuza na nani amenunua alikuwa Gilmore peke yake. Kitabu cha hesabu kilikuwa kichwani mwake.

Nitasema kama ninavyosema ofisini: hati ya mapato ikija kwangu na neno “popote” kwenye sehemu ya chanzo, nairudisha. Siku hizi benki nazo zitakuuliza. Lakini nimeusoma utaratibu ule kwa makini, na nimegundua kwamba ulikuwa na udhibiti ambao vyama vingi vyenye vitabu na mihuri havina.

Kila Jumatatu jioni palikuwa na mkutano wa hadhara kanisani. Gilmore alisimama, akapita katikati ya watu, akakabidhi fedha na kutangaza kiasi: wiki hii ni dola kadhaa na senti kadhaa. Watu wakapiga makofi, wakasimama, wakapiga miguu sakafuni. Fikirini ni nani walikuwa ndani ya kanisa lile. Walikuwemo walioka. Walikuwemo walionunua. Aliyeoka keki nne anajua amekabidhi kiasi gani, jirani yake anajua lake, na wote wanasikia jumla kwa masikio yao. Siri ilikuwa juu ya jina la mtoaji, na juu ya kiasi hapakuwa na siri hata ya senti moja.

Halafu yakaja mashindano. Inez Ricks, mkazi wa upande wa mashariki wa mji, alianzisha kikundi chake, Friendly Club. Kuanzia hapo kila Jumatatu ilikuwa na pande mbili: akina Gilmore na akina Ricks. Huyu anatangaza, watu wanashangilia. Yule anatangaza, wanashangilia zaidi. Na wiki inayofuata aliyeshindwa anarudi na tanuri la moto zaidi. Mtaa kwa mtaa watu walijua nani alikuwa mbele. Kikombe hakikuwepo, wala medali, wala jaji wa kuonja na kukunja uso. Aliyeshinda alishinda kwa kuleta zaidi, na aliyeshindwa naye alikuwa ameleta.

Linganisheni na mashindano mengine ya nchi hiyohiyo. Desemba 1949 kampuni ya unga ya Pillsbury iliwaalika waokaji wa nyumbani kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, na mshindi, Theodora Smafield wa Illinois, akaondoka na dola 50,000. Ilikuwa fedha ya kubadili maisha, na simwonei mtu wivu. Mashindano hayo yanaendeleza unga wa kampuni na kumtajirisha mmoja. Ya Montgomery hayakumtajirisha mtu. Ukiniuliza yapi ni ya kigeni kwetu, nitakujibu ni yale ya Waldorf-Astoria. Ya Montgomery tunayajua tangu kanisani, pale mnada wa baada ya ibada unapokuwa kati ya kwaya ya vijana na kwaya ya akina mama, na mkungu mmoja wa ndizi unapandishwa bei mpaka mwenye ndizi mwenyewe anacheka.

Sasa tuje kwenye kiasi chenyewe. Kinachotajwa juu ya klabu ya Gilmore ni kati ya dola 125 na 200 kwa wiki. Chukueni 150 kwa urahisi. Kwa nauli ya senti 10 hizo ni safari 1,500 za basi. Kwa bei ya petroli ya wakati ule huko, kama senti 30 kwa galoni, ni galoni 500, karibu lita 1,900, kila wiki. Kwa mwezi klabu ilikuwa ikileta kati ya dola 540 na 870. Ukiziweka mbele ya ile dola 5,000 ya gharama za mwezi, ni kati ya asilimia 11 na 17, bila kuhesabu walicholeta akina Ricks.

Kwa hiyo keki hazikulipia mgomo wote, na anayesimulia hivyo anatia chumvi. Sehemu kubwa ilitoka kwa wageni. Lakini asilimia 11 hadi 17 kutoka jikoni mwa watu waliolipwa vibaya kuliko wote mjini, ikija taslimu, kila wiki, bila kukosa, kwa mhasibu ni mapato ya daraja la kwanza. Mfadhili wa mbali anaweza kuchoka. Anaweza kusoma habari nyingine gazetini na moyo wake ukahamia huko. Keki ya Jumatatu ilikuwa inakuja hata wiki ambayo posta haikuleta kitu. Na kuna faida ambayo haiingii kwenye daftari lolote: mwanamke ambaye hakuweza kusimama jukwaani, kutia saini tamko wala kuonekana na King barabarani, kila Jumatatu alisikia jasho lake likisomwa kwa dola na senti.

Gilmore mwenyewe hakubaki kwenye siri. Februari 1956 mahakama iliwashtaki viongozi wengi kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kususia biashara, na kesi ya King ilisikilizwa mwezi Machi. Gilmore alipanda kizimbani kama shahidi wa utetezi, akasimulia mbele ya hakimu habari ya yule dereva aliyechukua nauli yake akamwacha barabarani. King alitiwa hatiani hata hivyo na kutozwa faini ya dola 500. Gilmore alipoteza kazi yake ya upishi. King akamtia moyo apike nyumbani kwake na kumsaidia fedha za kuanzia. Kuanzia hapo chumba chake cha kulia kikawa mkahawa usio na kibao, ambako mawakili, wachungaji, madereva na watu wa kawaida walikula meza moja, na mikutano mingi ambayo haikutakiwa kusikika ilifanyika kati ya sahani zake za kuku.

Yapo pia mambo yaliyokwenda vibaya, nami sitayaruka, kwa sababu kwa chama cha maendeleo hapo ndipo penye funzo la gharama kubwa. Juni 1956 katibu wa kumbukumbu wa chama chao, Mchungaji Uriah Fields, alijiuzulu na kutangaza kwa waandishi wa habari kwamba viongozi wanatumia vibaya fedha za michango. King alikuwa mapumzikoni California, akarudi mbio. Baada ya wiki moja Fields alisimama mbele ya mkutano akakana tuhuma zake na kuomba radhi. Lakini maneno yalikuwa yameshachapwa, na maadui wa chama walikuwa wameshayakata kwenye magazeti na kuyahifadhi. Miaka michache baadaye jimbo la Alabama lilimfungulia King kesi ya jinai kuhusu marejesho yake ya kodi ya mwaka 1956 na 1958. Hoja ya mashtaka ilikuwa kwamba alipata zaidi ya alichokitaja. Mei 1960 baraza la wazungu watupu, pale pale Montgomery, liliketi, likasikiliza hesabu zikipitiwa moja moja, na likamwachia huru. Nadhani ni moja ya siku nzuri katika historia ya taaluma yangu, ingawa hakuna sikukuu yake.

Angalieni tuhuma zilielekea wapi. Ziliielekea hazina kubwa, ile ya hundi za mbali, ambayo mwanachama wa kawaida hakuweza kuona inaingiaje wala inatokaje. Sijaona popote kwamba mtu alisimama akasema dola za Gilmore zimepungua njiani. Zilitoka kwa watu wasiojulikana, lakini zilifika mbele ya watu wote.

Mgomo ulimalizika kwa njia ambayo hakuna mtunga hadithi angethubutu. Tarehe 13 Novemba 1956 chama kilikuwa mahakamani, mji ukiomba amri ya kuuzuia ule usafiri wa pamoja, na wote wakijua kwamba bila magari mgomo umekufa. Amri ilitolewa. Siku hiyohiyo zikaja habari kutoka Washington kwamba Mahakama Kuu ya nchi imethibitisha kuwa ubaguzi katika mabasi ya Montgomery ni kinyume cha katiba. Wiki zilizofuata watu walitembea tu, mpaka hati rasmi ilipofika, na tarehe 21 Desemba wakapanda mabasi wakakaa walipotaka.

Gilmore hakuacha. Mtoto wake wa kiume alipopigwa na polisi kwa kupita katika bustani ya mji iliyotengwa kwa wazungu, alikuwa miongoni mwa walioushtaki mji, na kesi hiyo inabeba jina lake mpaka leo: Gilmore dhidi ya Jiji la Montgomery. Mji ulipoona unashindwa, ukafunga bustani zote kwa miaka kadhaa, wazungu na weusi wakakosa wote. Mwaka 1974 kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mpishi yule akawa jina katika vitabu vya sheria. Alifariki Machi 1990. Alikuwa akiandaa chakula cha watu waliokuja kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, na chakula kile ndicho familia yake iliwapakulia waombolezaji.

Sasa turudi kwetu, maana harambee ni wiki zijazo.

Kila mwaka katika taarifa ya fedha ya chama chetu kuna mstari unaoitwa “ahadi ambazo hazijalipwa”. Hauna aibu, unarudi kila mwaka kama ndugu asiyealikwa. Mnajua unavyozaliwa. Keki moja inapelekwa mbele, mshereheshaji anachangamka, mheshimiwa mmoja anataja kiasi, mwingine anapandisha, jina linasomwa kwa kipaza sauti, vigelegele, picha. Jumatatu mweka hazina anapiga simu, simu haipokelewi. Mama aliyeleta elfu mbili taslimu, iliyokunjwa mara nne kwenye kona ya kanga, hakusomwa. Majina tunayasoma kwa kipaza sauti, na jumla iliyopokelewa kweli tunaikuta mwaka unaofuata, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Montgomery walifanya kinyume.

Watani wetu watasema Mpare amekwisha kuanza kuhesabu senti za watu. Waseme. Wazee waliokwenda Same hawakuchoka kuuliza hesabu imefikiwaje, na sioni kwa nini mimi nichoke.

Kwa hiyo mashindano ya mwaka huu yatakwenda hivi, na kamati imeyapitisha. Kila tawi litaoka keki kwa idadi litakayoweza na kuziuza lenyewe katika wiki tatu kabla ya siku yenyewe: kazini, kanisani, msikitini, saluni, kijiweni, kwa majirani wasiojua hata Upare iko wapi. Anayeoka si lazima awe fundi. Mwenye jiko la umeme sawa, na anayeoka kwa sufuria yenye mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, ni sawa pia. Keki za namna hiyo ndizo zilizotukuza. Binafsi natega sikio kwa tawi litakalotumia tangawizi ya Mamba Myamba, kwa sababu biashara ya keki inataka kitu ambacho jirani hana. Wanaume wanaokaa kando wakisubiri kuonja watapewa kazi ya kubeba na kuuza.

Hakuna atakayeandikwa jina. Sanduku litakuwa na jina la tawi tu. Siku ya harambee, kabla ya hotuba na kabla ya chakula, kila tawi litatuma mtu mmoja apite katikati ya ukumbi na sanduku lake. Fedha zitahesabiwa mezani mbele ya watu, na kiasi kitatangazwa papo hapo hadi shilingi ya mwisho. Ahadi hazitapokelewa kwenye meza hiyo. Wenye ahadi watakuwa na meza yao, karibu na mlango. Kitakachotangazwa ni fedha zilizobaki baada ya kurudisha gharama za unga, mayai, sukari na Blue Band, kwa hiyo tunzeni risiti, hata ile ya genge. Tawi lisilo na risiti litakatwa gharama kwa bei za sokoni nitakazozichukua mimi mwenyewe asubuhi ya siku hiyo, na ninawahakikishia kwamba hazitakuwa za upendeleo.

Bei ya kipande iamuliwe na tawi. Masanduku yanapatikana kwa mweka hazina kuanzia sasa.